Kipande cha Juu ya Utepe

2 Oktoba
Mjukuu wangu amekwenda Same kusoma, ameacha daftari lenye kurasa nyingi nyeupe. Mama yake alitaka kuwashia moto. Nimelichukua. Nilisoma mpaka darasa la nne na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa mwinjilisti. Nitaandika vuli hii yote, nione kama ina jambo.
Jua kali. Maharage sijapanda.

4 Oktoba
Mkutano wa kijiji. Wameleta bwana misitu mpya, anaitwa Paschal, Mgweno. Kijana tu, gambuti mpya hazijaona tope. Kasimama mbele yetu akasema serikali imekubali tuingie msitu wa Mrindi tukapunguze miti.

Nilidhani nimesikia vibaya. Tangu naolewa hapa Kisesheni serikali hiyo hiyo inatuambia tusiguse hata ufito wa msitu wa asili. Marehemu mume wangu alilala mahabusu kwa mti mmoja wa banda la mbuzi. Leo wanatuletea ruhusa na tabasamu. Nikasimama.

"Wewe mtoto, umetumwa au umejituma?"
"Shikamoo bibi. Nimetumwa."
"Marahaba. Na mimi si bibi yako. Bibi yako yuko Ugweno anakula ndizi."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, jambo ambalo sikulipenda.

Akaeleza. Anasema tangu ule moto mkubwa uliounguza msitu, miwati, ile miti ya kigeni, imeota Mrindi kama nywele za kichwa kisichochanwa, na miti yetu ya asili, mikulo na mingine, imebanana chini yake, myembamba, haipati jua. Tukiing'oa miwati na kupunguza vijiti dhaifu, iliyobaki itanenepa. Kuni na fito zitakazotoka ni zetu. Lakini kuna masharti. Mwisho wa kazi ni utepe mwekundu atakaoufunga. Juu ya utepe ni kichwa cha chemchemi, huko hata jani lisiguswe. Hakuna kukata yeye asipokuwepo. Hakuna gogo kutoka msituni bila kugongwa alama kwa nyundo ya serikali. Desemba watakuja wakubwa kutoka Same kukagua. Tukifanya sawa, kila mwaka tutaingia. Tukiharibu, msitu unafungwa kama zamani.

Mwanangu Sefania ndiye mwenyekiti wa kamati ya msitu. Alishukuru kwa maneno marefu.

Sisi wanawake tunajua kufungwa maana yake nini. Maana yake ni kushuka kutafuta kuni miteremko ya upande wa Maore na kupanda na mzigo kichwani.

7 Oktoba
Nimeshuka kuni. Nimepanda. Magoti hayakunisemesha mpaka jioni, ndipo yakasema yote.

10 Oktoba
Bwana misitu na Sefania wamepita wakitoka kufunga utepe. Kijana aliomba maji. Anakunywa amesimama. Nilimwambia akae, punda ndiye anayekunywa amesimama. Akakaa.

Akasema kazi itahitaji watu ishirini tu, atawafundisha polepole. Nikamwambia hapa hatuna kazi ya watu ishirini. Hapa kazi ya wote ni msaragambo. Baragumu inalia, kila nyumba inatoka, kila nyumba inapimiwa kipande chake kwa ufito, na hakuna anayerudi nyumbani mpaka cha kwake kiishe. Ndivyo tulivyochimba mfereji, ndivyo tulivyojenga shule, ndivyo tunavyozibua ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji, kila mwaka. Bila ndiva yale maji ya chemchemi yangepita usiku tukiwa tumelala na asubuhi mashamba yangekuwa makavu.

"Lakini bibi, msitu si mfereji."
"Na watu ni wale wale."

Akamtazama Sefania. Sefania akasema, "Tutapanga." Mwanangu akisema tutapanga, jua hakuna kilichopangwa.

15 Oktoba
Mvua ya kwanza. Nimepanda maharage.

16 Oktoba
Kuku wa Raheli wameyafukua. Raheli ni jirani yangu na rafiki yangu na hajui kufunga kuku.

24 Oktoba
Bwana misitu anafundisha kamati. Nilikwenda kutazama. Kabla ya kukata anawaambia watazame juu. Mti mmoja, watu wanane, wote wameinua shingo kama wanangoja parapanda. Wanabishana upi ubaki. Nilikaa mpaka nikachoka, wakawa wamekata vijiti vichache tu. Agatha, yule wa kamati mwenye sauti nyembamba, anamuuliza maswali na kuitikia kwa kichwa. Nimewaambia wakiendelea hivyo Desemba itawakuta kwenye mti wa pili. Paschal akasema, "Kweli bibi, ni taratibu." Huwezi kugombana na mtu anayekukubalia.

30 Oktoba
Mvua. Mvua. Godoro lina unyevu.

4 Novemba
Sefania amekuja kunywa chai. Wamekubaliana: msaragambo utakuwa keshokutwa Jumatatu, upande wa chini tu, sehemu ile ambayo Paschal na kamati wameshaweka alama miti ya kutoa. Paschal anashuka Same kuchukua nyundo, Jumatatu asubuhi atakuwa amerudi. Amesema msianze bila mimi.
"Na mvua hii atapanda na nini?"
"Bodaboda, mama."
Nimenoa panga.

6 Novemba
Nitaandika yote maana kesho kila mtu atakuwa na yake.

Baragumu ililia mapema. Tulifika Mrindi na mapanga, Raheli na wenzake wakawasha moto wa makande pembeni. Bwana misitu hakuwepo. Tukakaa. Mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Sefania akapiga simu, nilikuwa karibu naye, yule mwanamke wa kwenye simu akasema mtu huyo hapatikani. Akapiga tena, akasema vile vile. Baadaye tulikuja kujua barabara ilikatika huko chini na kijana alikuwa upande wa pili wa maji anatazama gambuti zake.

Watu walianza kunung'unika. Baragumu ikishalia hairudishwi mdomoni. Hatujawahi kuita watu kazini na kuwaambia rudini. Sefania akaniangalia, akaangalia watu, akachukua ufito akaanza kupima. Watu wakaanza, kila mtu kwenye kipande chake, na kwa kweli kazi ilikwenda vizuri. Alama zilikuwepo. Miwati ilianguka.

Vipande vilikuwa vimekwisha vyote ndipo akatokea Zebedayo na watu wake wa kitongoji cha chini, wanaume na wake zao, wamelowa, njia ilikuwa utelezi. Ninyi mnaosoma, kama kuna mtu atasoma, hamjui habari ya Zebedayo. Mwaka ule wa kuchimba mfereji watu wa chini walichelewa wakaambiwa vipande vimekwisha. Walirudi na majembe yao begani. Kwetu kumnyima mtu kipande ni kumwambia hana maji hapa, hana kijiji. Waligombana na sisi mpaka watoto wakakua. Hata msibani walikaa upande wao.

Zebedayo akasimama mbele ya mwanangu.
"Shikamoo ni yako leo, mwenyekiti. Tupimie."
"Mzee, karibuni. Ngoja nitazame."
"Unatazama nini? Au vimekwisha tena?"

Watu wote wakaacha panga wakatazama. Sefania akaja kwangu, akainama.
"Mama, wewe kaa kwenye makande na mama Raheli. Kipande chako nimpe mzee."
"Nani amekuambia nimechoka?"
"Sijasema umechoka."
"Basi kapunguze vya wenye miguu mibovu. Mimi tangu niolewe sijanyang'anywa kipande, na mwanangu hatakuwa wa kwanza."

Nilisema kwa sauti. Watu walisikia. Baada ya hapo nani mwingine angekubali kugawiwa? Wakainama kila mtu akakata kwa nguvu kuonyesha anakihitaji kipande chake.

Sefania akasimama kidogo na ufito wake. Halafu akapanda. Akavuka utepe. Akawapimia watu wa chini huko juu, kipande baada ya kipande, mpaka karibu na jiwe linapotokea maji.

Agatha peke yake alisema, "Mwenyekiti, huko hapana." Akajibiwa, "Ni miwati tu." Lakini huko hapakuwa na alama, na watu wa chini hawakuwa wamefundishwa kutazama juu. Walikuja kuonyesha kwamba wanafanya kazi kuliko sisi, na walifanya. Walipomaliza hapakuwa na kitu kimesimama.

Tulikula makande pamoja, watu wa juu na watu wa chini, sufuria moja. Zebedayo alinisalimia. Ilikuwa siku nzuri mpaka mtu ainue macho kutazama kule juu.

7 Novemba
Paschal amefika, nyundo mgongoni, tope mpaka kiunoni. Sehemu ya chini alitembea taratibu, akasema, "Mmefanya vizuri." Kisha akafika kwenye utepe.

Nilikwenda makusudi kusikia akifoka. Hakufoka. Alikaa juu ya kisiki cha mkulo uliokuwa mnene kama mwili wangu, akaweka nyundo chini. Sefania akaeleza na kueleza. Mwishoni kijana akasema, "Mwenyekiti, hii nitaiandikaje?" Nikaenda nyumbani kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.

11 Novemba
Mvua kubwa.

12 Novemba
Maji ya ndiva mekundu. Nimechota ndoo nikaiacha itulie, chini limebaki tope la kidole.

14 Novemba
Mekundu bado. Raheli anasema yataondoka yenyewe. Raheli anasema hivyo juu ya kila kitu, hata kuku wake.

17 Novemba
Nilipanda Mrindi kuangalia. Nilimkuta Paschal peke yake kwenye kile kipara cha juu, mvua inampiga, anapanga matawi yaliyokatwa kukingama mteremko ili udongo usishuke. Gambuti si mpya tena.

Nilimwambia anayapanga vibaya. Hakuwa anayapanga vibaya, nilitaka kusema kitu.
"Nionyeshe bibi."
"Endelea tu."

Wakati wa kushuka nilipita sehemu yetu ya chini. Nilisimama kwenye kipande changu. Kulikuwa na jua chini, kwenye majani. Tangu moto sijaona jua likigusa udongo wa Mrindi. Mikulo midogo niliyoiacha imesimama kila mmoja na nafasi yake kama watu kanisani. Basi lile la kutazama juu si upuuzi. Sikurudi kumwambia.

19 Novemba
Kikao nyumbani kwa Sefania, wazee na kamati. Zebedayo naye alikuwepo, amekaa katikati yetu, hilo sijaliona miaka mingi. Agatha hakuitwa.

Wamekubaliana hivi. Wakaguzi wakija, kijiji kitasema Paschal ndiye aliyeruhusu. Kwamba Sefania alipiga simu, na Paschal akajibu endeleeni mpaka juu. Simu haina shahidi ila aliyekuwa karibu. Kijiji kitasalimika, msitu hautafungwa, na serikali itamhamisha Mgweno wake au itamfukuza, hiyo ni shauri yake.

"Na aliyekuwa karibu na simu ni nani?" mtu akauliza.
Wote wakanigeukia.
"Mama Sefania anafaa," Zebedayo akasema. "Kila mtu anajua anavyomchamba yule kijana. Akisimama yeye, nani atabisha?"
Mwingine akasema, "Na ni mtu mzima, hawatamhoji sana."
"Mtu mzima mimi au wewe?" nikamwambia.
Wakacheka. Sefania hakucheka. Akasema, "Mama, ni maneno mawili tu. Ulisikia simu ikijibiwa."

Nimesema nimesikia. Wakadhani ni ndiyo.

23 Novemba
Maharage yana maua.

26 Novemba
Jumapili. Sefania amesoma matangazo ya kanisa kwa sauti nzuri. Baba yake hakuwa na sauti. Mtoto huyu nilimlea kwa kuni za wizi za Mrindi kabla ya moto, nikamsomesha, nikamwona anachaguliwa mwenyekiti bila kugawa soda hata moja. Sitaki avuliwe uenyekiti akae nyuma.

Paschal alikaa benchi la mwisho. Ni Mkatoliki, lakini parokia iko mbali, tena mvua.

30 Novemba
Kuni zimeisha, zile za msaragambo bado hazijagongwa nyundo, zimelundikwa zikingoja wakaguzi. Nimeshuka upande wa Maore. Nimepanda. Kama wakifunga msitu, nitashuka hivi mpaka siku nitakayoshindwa, na siku hiyo nitapika kwa nini.

Raheli ananiuliza, "Umeshajua utakachosema?"
"Wamenipa."
"Hayo si ya kwako basi."
Nimemwambia akafunge kuku.

5 Desemba
Wamekuja, watatu, mkubwa wao mama mmoja anaitwa Ernesta, mfupi, anatembea mteremkoni upesi kuliko wanaume wake. Walipita chini wakapima, wakashika magome, wakatazama juu. Hakuna aliyecheka. Walipanda juu ya utepe. Wakakaa huko muda mrefu. Kisha tukakusanyika kwenye ukuta wa ndiva, kijiji kizima, maji bado yana rangi ya chai ya maziwa.

Bi Ernesta akasema, "Chini ni kazi nzuri, ningependa vijiji vingine viione. Juu ni uharibifu. Nataka kujua nani alipima juu."

Sefania alisimama akasema ile habari ya simu. Alisema vizuri, kama matangazo. Paschal alimtazama tu. Akaulizwa, "Ulipigiwa simu?" Akasema, "Sikupata simu yoyote, barabara ilikuwa imekatika, nilikuwa sina mtandao." Watu wakaguna kama watu wanaosikia uongo. Tulikuwa tumejiandaa kuguna.

"Kuna shahidi?"
"Mama yangu alikuwa karibu," Sefania akasema.

Nikasimama. Yule mama akaniamkia, nikaitikia.
"Mama, unamfahamu bwana misitu?"
"Namfahamu. Simpendi. Anakunywa maji kama punda."
Watu wakacheka, Zebedayo akaitikia kwa kichwa, mambo yanakwenda.
"Ulisikia simu ikijibiwa?"
"Nilisikia. Alijibu yule mwanamke anayesema mtu hapatikani. Mwanangu akapiga tena, akajibu yule yule."

Nilisikia maji yanavyoingia kwenye ndiva.

"Nani alipima juu ya utepe?"
"Mwanangu huyu, kwa ufito."
"Kwa nini?"
"Watu walikuwa wengi, vipande vimekwisha. Hapa hatumrudishi mtu. Aliniomba mimi nipunguziwe changu nikamkatalia mbele za watu, na wengine wote wakakataa kwa kunifuata. Akaenda ambako hakuna wa kumkatalia."
"Kwa hiyo bwana misitu hakuruhusu."
"Hakuwepo. Sasa mkitaka kufunga fungeni, kuni nitashuka. Lakini sitasema maneno niliyotungiwa na watu ambao mimi ndiye niliyewafundisha kusema."

Nikakaa. Sefania hakunitazama. Zebedayo aliangalia kofia yake.

Wale watatu walikwenda pembeni wakazungumza. Waliporudi Bi Ernesta akasema hivi: chini ya utepe msitu hautafungwa, mwakani kazi itaendelea. Kichwa cha chemchemi kijiji kitakipanda upya, miti ya asili, kwa mikono yetu na mbele ya macho ya bwana misitu. Mwenyekiti ajiuzulu leo. Na Paschal amepewa onyo, kwa sababu aliondoka bila kuacha mtu wa kuzuia kazi. Paschal akasema, "Ni kweli." Hakujitetea hata kidogo. Nilitaka ajitetee.

Agatha amechaguliwa mwenyekiti. Sauti yake haifiki benchi la tatu. Itabidi watu wanyamaze.

6 Desemba
Magogo yamegongwa nyundo. Nimeletewa kuni mlangoni. Sikuuliza ameleta nani.

10 Desemba
Sefania amepita njia ya juu kwenda kanisani. Njia ya juu ni ndefu na ina tope. Inapita mbali na mlango wangu.

15 Desemba
Mvua imepungua. Nimechuma maharage mabichi.

18 Desemba
Paschal amekuja kuniamkia. Akakaa kabla hajanywa. Akasema, "Asante bibi."
"Sikufanya kwa ajili yako."
"Najua."
"Basi usishukuru."
Nimempa maharage aende nayo.

25 Desemba
Krismasi. Wajukuu walikuja na nyama. Baba yao hakuja. Niliwauliza anaumwa? Wakasema haumwi.

28 Desemba
Maji ya ndiva yameanza kuwa meupe.

2 Januari
Msaragambo wa kupanda. Baragumu ililia nikiwa nimeshavaa. Miche ya mikulo na mingine ilikuwa imepangwa kwenye majani ya migomba. Paschal alikuwepo tangu asubuhi, amefunga utepe mpya kuzunguka kipara chote, na safari hii ndani yake ndiko kwenye kazi. Agatha alipima vipande kwa ule ule ufito. Zebedayo na watu wake walifika kabla yetu.

Mimi nilipimiwa changu kama kila mtu. Nilichimba mashimo mawili nikapumzika kidogo, nikijifanya natazama miche.

Vipande vikaisha. Watu wakaanza kupanda. Ndipo nikamwona Sefania anapanda mteremko peke yake, jembe begani. Alisimama nje ya utepe. Alimwamkia Zebedayo, akaitikiwa. Hakusema tupimie. Alisimama tu, kama watu wa chini walivyosimama mwaka ule.

Agatha akamtazama Paschal. Paschal akatazama utepe. Nje ya utepe hakuna kazi, na ndani kila udongo una mtu. Kila mtu akainama juu ya shimo lake.

Nikainuka, nikakung'uta mikono.
"Agatha. Kipande changu ni kikubwa kwa mtu wa umri wangu. Kata katikati."
Raheli akaacha kupanda akanitazama mdomo wazi.
"Funga mdomo," nikamwambia, "nzi."

Agatha akaweka ufito katikati ya kipande changu. Sefania akavuka utepe, akaingia upande wake, akachimba. Shimo lake la kwanza lilikuwa fupi. Nilimwambia achimbe zaidi. Akachimba.